Pete za Feriti na Dola Milioni 13

Nafundisha ufundi wa elektroniki, na mwanafunzi akiniuliza nani alibuni kumbukumbu ya kompyuta, humuuliza kwanza: wamtaka aliyebuni au aliyelipwa?

Mwishoni mwa miaka ya 1940, pale MIT, Jay Forrester alikuwa akijenga kompyuta iitwayo Whirlwind. Kumbukumbu yake ilikaa ndani ya tyubu za kioo zilizogharimu kama dola 1,000 kila moja, na hazikudumu. Hapo ndipo alipogeukia sumaku: vipete vya feriti vilivyotungwa kwenye nyaya zinazokatizana. Uzuri wake uko kwenye makutano. Waya wa mlalo hupitisha nusu ya mkondo, wa wima nusu nyingine. Pete zote za njiani huguswa na nusu tu, zinatulia. Ile moja iliyo kwenye njia panda hupata mkondo kamili, na sumaku yake inageuka. Kwa hiyo kompyuta ikiomba data, huenda moja kwa moja kwenye pete inayohusika.

Ila kuisoma pete ni kuifuta. Dawa yake, yaani kuiandika upya papo hapo, ilikuwa ya An Wang wa Harvard, aliyeomba hataza mwaka 1949 na baadaye akaiuzia IBM kwa makubaliano ya dola 500,000. Kwangu mimi, bila Wang mtandao ule wa nyaya ungekuwa pambo tu.

Whirlwind ilifungwa pete mwaka 1953. Forrester alikuwa ameomba hataza mwaka 1951, akaipata mwaka 1956. Kumbe Jan Rajchman wa kampuni ya RCA alishawasilisha ombi lake Septemba 1950! Ofisi ya Hataza ikawakutanisha, na Oktoba 1960 baraza lake likampa Rajchman madai kumi, yale mapana kabisa. MIT hawakukubali, wakaenda mahakamani.

IBM ndiyo iliyobanwa. Kompyuta zake zilijaa pete hizo, na MIT walikuwa wakidai senti mbili kwa kila biti. Senti mbili si kitu, mpaka uhesabu mashine moja ina biti ngapi. Mwaka 1964, mwaka ule ule ilipotangaza kompyuta zake za System/360, IBM iliilipa MIT dola milioni 13 kwa mkupuo, na Forrester akapata milioni 1.5. Mahakama haikuwahi kuamua nani alitangulia. Aliyeshinda barazani si aliyeondoka na fedha, na sioni kama alidhulumiwa: ya Forrester ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi ndani ya Whirlwind.

Waliozitunga pete hizo, wengi wao wanawake, walizipitisha kwa mkono, macho yakiwa kwenye hadubini. Katika mafaili ya kesi hawamo.

Hataza ya Forrester ilikoma mwaka 1973. Wakati huo chipu ya Intel 1103, iliyotoka mwaka 1970, ilikuwa imeshaanza kuzing'oa pete sokoni.