India na Marekani: Urafiki Uliochukua Nusu Karne Kukomaa

Katikati ya Desemba 1971, Enterprise, manowari ya Marekani ya kubebea ndege za kivita, iliingia Ghuba ya Bengal. Majeshi ya India yalikuwa yakiikaribia Dhaka, mji mkuu wa Pakistan ya Mashariki, na Rais Richard Nixon alitaka Delhi ifahamu kwamba Marekani imesimama upande wa Pakistan. Septemba 2007 manowari mbili za Marekani za kazi hiyohiyo, Nimitz na Kitty Hawk, zilikuwa tena katika ghuba hiyo, safari hii zikiwa wageni wa India. Zilifanya luteka ya pamoja na Viraat, manowari ya India ya kubebea ndege, zikiungana na meli za Japani, Australia na Singapore.

Mara nyingi watu hueleza ukaribu wa nchi hizi kwa kusema kwamba zote ni za kidemokrasia. Maelezo hayo hayatoshi. India ilikuwa ya kidemokrasia pia mwaka 1971; ilifanya uchaguzi mkuu mwezi Machi mwaka huo, miezi tisa tu kabla ya Enterprise kuwasili. Kilichozileta pamoja ni mabadiliko ya masilahi na hofu za pamoja, pamoja na Marekani kukubali polepole kwamba India haitakuwa mfuasi wa mtu. Demokrasia ilichangia kwa namna nyingine: kila hatua kubwa ilibidi ipite mbele ya wabunge, magazeti na wapigakura, na iliyopita hapo haikung'oka kirahisi.

Barafu ya Boston, merikani ya Unguja

Wamarekani walifika India kutafuta biashara muda mrefu kabla ya uhuru. Mwaka 1792 Rais George Washington alimteua Benjamin Joy kuwa konseli wa kwanza mjini Calcutta. Kampuni ya Kiingereza iliyoshika utawala huko ilikataa kumtambua kwa cheo hicho, ikamruhusu akae kama wakala wa biashara tu. Mwaka 1833 mfanyabiashara Frederic Tudor alipeleka huko barafu iliyokatwa Massachusetts wakati wa baridi. Meli yake, Tuscany, ilipakia takribani tani 180 Boston, na baada ya miezi minne ikatia nanga Calcutta ikiwa na tani zipatazo 100 ambazo hazijayeyuka.

Mwaka huohuo Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Konseli Richard Waters, mtu wa Salem, aliwasili Unguja mwaka 1837, na haukupita muda akatambua kwamba hawezi kufanya lolote bila Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi aliyekodishwa forodha yote ya Sultani. Nguo za merikani zilizovaliwa kuanzia pwani hadi Unyamwezi zilipita mikononi mwa Wamarekani na Wahindi waliofanya kazi bega kwa bega katika bandari yetu, wakati ambapo India yenyewe haikuwa na bendera wala balozi.

Kutofungamana, na gharama yake

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Rais Franklin Roosevelt alimsukuma Waziri Mkuu wa Uingereza Winston Churchill awape Wahindi madaraka ya kujitawala, na mwaka 1942 akamtuma Louis Johnson kuwa mjumbe wake binafsi mjini Delhi. Churchill hakukubali. Hata hivyo, India ilipopata uhuru Agosti 1947, wengi walitarajia kwamba urafiki ungeota wenyewe.

Haukuota. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alizuru Marekani Oktoba 1949 akiwa na msimamo ambao wenyeji wake hawakuupenda: nchi iliyotoka kwenye ukoloni haiwezi kukabidhi sera yake ya nje kwa kambi yoyote. Kabla mwaka haujaisha, India iliitambua serikali ya Mao Zedong. Mwaka 1951, India ilipoomba ngano kuzuia njaa, wabunge wa Marekani waliojaa hasira juu ya msimamo wake kuhusu Vita vya Korea walivuta mjadala kwa miezi kadhaa, na mwishowe wakaidhinisha mkopo wa dola milioni 190. Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1954, Marekani ilipokubali kuipa Pakistan silaha. Washington iliziona kama kinga dhidi ya Ukomunisti, ilhali Delhi iliziona zikielekezwa kwake.

Baadaye hali ilitulia kidogo. Dwight Eisenhower aliwasili Desemba 1959, rais wa kwanza wa Marekani kuitembelea India akiwa madarakani, na umati mkubwa ukajitokeza kumlaki. John F. Kennedy akamteua mwanauchumi John Kenneth Galbraith kuwa balozi, mtu ambaye Nehru alipenda kuzungumza naye.

Galbraith alikuwa Delhi China iliposhambulia mpakani tarehe 20 Oktoba 1962, siku zilezile Washington ikihangaika na makombora ya Kisovieti nchini Cuba. Silaha za Marekani zilianza kuwasili kwa ndege mwanzoni mwa Novemba. Tarehe 19 Novemba Nehru, baba wa kutofungamana, alimwandikia Kennedy barua mbili akiomba vikosi 12 vya ndege za kivita. Kabla jibu halijapatikana, China ilitangaza kusitisha mapigano. Barua hizo zilifichwa kwa miaka mingi, kwa kuwa zilionyesha jinsi kiongozi huyo alivyokuwa amebanwa.

Ngano, roketi na chuo cha Kanpur

Miaka ya 1960 ndiyo iliyoacha matunda yanayoonekana hadi leo, na mengi yalipatikana mashambani na madarasani. Mjini Kanpur, vyuo vikuu tisa vya Marekani, vikiwemo MIT na Princeton, vilisaidia kujenga taasisi ya teknolojia kati ya 1962 na 1972. Kompyuta ya IBM ilifikishwa huko mwaka 1963, na wanafunzi wa uhandisi wakajifunza kuitumia wakati vyuo vingi duniani havijaiona. Taasisi za mtindo huo zimeendelea kuzaana. Ile ya Madras, iliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, ilifungua tawi lake Zanzibar mwaka 2023.

Tarehe 21 Novemba 1963 roketi ya Marekani aina ya Nike-Apache ilirushwa kutoka Thumba, kijiji cha wavuvi huko Kerala. Wahandisi walitumia kanisa la kijiji kama ofisi, na baadhi ya vipande vya roketi vilibebwa kwa baiskeli. Huo ndio mwanzo wa mpango wa anga za juu wa India.

Chakula kilikuwa kadhia nzito zaidi. Ukame ulipiga mfululizo mwaka 1965 na 1966, na mwaka huo wa pili India iliagiza zaidi ya tani milioni 10 za nafaka, sehemu kubwa ikitoka Marekani kwa masharti nafuu. Lakini mkono mtupu haulambwi. Rais Lyndon Johnson alitaka India ibadilishe sera yake ya kilimo, na alichukizwa na jinsi ilivyolaumu vita vya Vietnam. Akashika mwenyewe hatamu za misaada, akiidhinisha shehena kidogokidogo, hivi kwamba maofisa wa Delhi walihesabu meli zilizo baharini kujua kama mgao wa mwezi ujao upo.

Unyonge huo uliwachoma viongozi wa India, wakautafutia dawa. Waziri wa Kilimo C. Subramaniam na mwanasayansi M. S. Swaminathan walishirikiana na Mmarekani Norman Borlaug, na mwaka 1966 India ikanunua tani 18,000 za mbegu fupi za ngano kutoka Mexico. Mavuno ya 1968 yalivunja rekodi zote za nyuma, na Waziri Mkuu Indira Gandhi akazindua stempu ya posta kuyaadhimisha. Sayansi ya Marekani ndiyo iliyoipa India njia ya kuacha kutegemea ngano ya Marekani.

Kutoka Dhaka hadi Pokhran

Mwaka 1971 jeshi la Pakistan lilianza kuwaua raia wa Pakistan ya Mashariki, na wakimbizi wanaokadiriwa kufikia milioni 10 wakavuka mpaka kuingia India. Archer Blood, konseli mkuu wa Marekani mjini Dhaka, aliungana na maofisa wenzake kupeleka Washington waraka wa kupinga kimya cha serikali yao. Nixon na mshauri wake Henry Kissinger hawakusikiliza. Pakistan ndiyo iliyokuwa daraja lao la siri kwenda Beijing, ambako Kissinger alifika Julai mwaka huo. Agosti India ilitia saini mkataba wa urafiki na Umoja wa Kisovieti, na Desemba Enterprise ikaletwa. Dhaka iliangukia mikononi mwa India na wapiganaji wa Bangladesh tarehe 16 Desemba. Kizazi kizima cha wanadiplomasia wa Kihindi kilijifunza siasa kutokana na majuma hayo.

Tarehe 18 Mei 1974 India ililipua kifaa cha nyuklia katika jangwa la Pokhran. Marekani na wenzake wakaunda Kundi la Wauzaji wa Nyuklia ili kuziba njia za teknolojia hiyo, na sheria ya Marekani ya 1978 ikafanya iwe vigumu kupeleka mafuta ya nyuklia katika vinu vya Tarapur, ambavyo Wamarekani wenyewe walivijenga. Wanasayansi hawakuacha kabisa kushirikiana. Kati ya 1975 na 1976, setilaiti ya NASA ilirusha vipindi vya kilimo na afya hadi kwenye televisheni za vijiji 2,400 vya India.

Mlango unafunguka

Umoja wa Kisovieti ulisambaratika mwaka 1991, mwaka uleule India ilipokuwa imebakiwa na fedha za kigeni za kulipia bidhaa za majuma machache tu. Waziri Mkuu Narasimha Rao na Waziri wa Fedha Manmohan Singh walifungua uchumi, na mwaka 1992 majeshi ya majini ya India na Marekani yakafanya luteka ya kwanza ya Malabar.

Mei 1998 India ililipua tena mabomu Pokhran, na Marekani ikaiwekea vikwazo. Jambo la ajabu ni kwamba vikwazo hivyo vilileta mazungumzo marefu kuliko yote yaliyotangulia: Jaswant Singh wa India na Strobe Talbott wa Marekani walikutana mara 14 katika nchi saba. Majira ya kiangazi ya 1999, wanajeshi wa Pakistan walipovuka mstari unaoigawa Kashmir huko Kargil, Rais Bill Clinton alimbana Waziri Mkuu wa Pakistan Nawaz Sharif awaondoe. Wahindi hawakuwa wamezoea kuona Washington ikifanya hivyo. Clinton alipozuru India Machi 2000, wabunge waligombea kumshika mkono.

Kilele kilikuwa mapatano ya nyuklia ya kiraia. Rais George W. Bush na Manmohan Singh, sasa akiwa Waziri Mkuu, waliyatangaza tarehe 18 Julai 2005: India ingetenganisha vinu vya umeme na vya kijeshi, na kuweka vinu 14 kati ya 22 chini ya ukaguzi wa kimataifa, na Marekani ingeifungulia soko la nyuklia bila kuilazimisha kutia saini mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Wapinzani walikuwa wengi pande zote. Huko Delhi vyama vya mrengo wa kushoto viliacha kuiunga mkono serikali, na tarehe 22 Julai 2008 Singh aliponea katika kura ya imani kwa 275 dhidi ya 256. Septemba nchi 45 za Kundi la Wauzaji wa Nyuklia ziliipa India msamaha maalumu mjini Vienna. Seneti ya Marekani ikayapitisha mapatano kwa 86 dhidi ya 13, na saini zikatiwa tarehe 10 Oktoba.

Kwa upande wa umeme, faida imekuwa ndogo. Sheria ya India ya 2010 kuhusu fidia ya ajali za nyuklia iliwatia hofu wauzaji, na hadi mwaka 2025 hakuna kinu kipya cha Kimarekani kilichokuwa kimejengwa. Faida ya kisiasa ilikuwa kubwa sana. Baada ya 2008 India ilinunua zana za kijeshi za Marekani zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 20, zikiwemo ndege za P-8I zinazopiga doria katika Bahari ya Hindi. Mikataba ya kuhudumiana bandarini, mawasiliano salama na ramani ilifuata mwaka 2016, 2018 na 2020. Ushirikiano wa pande nne na Japani na Australia, ambao mzizi wake ni uokoaji wa tsunami ya Desemba 2004 iliyopiga hadi Somalia na pwani yetu, ulipata nguvu mpya baada ya wanajeshi 20 wa India kuuawa na Wachina katika bonde la Galwan Juni 2020.

Watu nao walifanya kazi ambayo serikali haziwezi. Mwaka 1946 sheria ya Marekani iliruhusu Wahindi 100 tu kuhamia huko kwa mwaka. Miaka kumi baadaye Dalip Singh Saund, mzaliwa wa Punjab, alichaguliwa kuwa mbunge kutoka California. Sheria ya 1965 ilifungua milango zaidi, na leo watu wenye asili ya India nchini Marekani ni takribani milioni 5. Wakati wa kupigania mapatano ya nyuklia, wengi wao waliwafuata wabunge wao mmoja baada ya mwingine kuwashawishi.

Mtihani wa 2025

Agosti 2025 serikali ya Donald Trump iliongeza ushuru wa bidhaa za India hadi asilimia 50, nusu yake ikiwa adhabu kwa kununua mafuta ya Urusi. India ilikataa kuamriwa mahali pa kununua mafuta. Lakini mwezi mmoja kabla, setilaiti ya NISAR, iliyotengenezwa kwa pamoja na nchi hizo kuchunguza ardhi na barafu, ilikuwa imerushwa kutoka Sriharikota, na Oktoba mawaziri wa ulinzi walitia saini mpango mpya wa miaka kumi. Biashara ya bidhaa kati yao ilikuwa imefikia takribani dola bilioni 129 mwaka 2024.

India na Marekani hazijawahi kuwa na mkataba wa kulindana vitani. India ilipokea ngano, mbegu, roketi na ndege, ikabaki na haki ya kusema hapana, na ushirikiano ulistawi zaidi pale Washington ilipoiheshimu haki hiyo. Nchi za Afrika Mashariki, zinazofanya biashara na mataifa yote mawili na kushiriki bahari moja na mojawapo, zina sababu ya kuisoma historia hii kwa makini. Nyaraka nyingi za Marekani za mwaka 1962 na 1971 zimekwisha kuchapishwa na kila mtu anaweza kuzisoma. Vyuo vyetu vya diplomasia, kuanzia kile cha Kurasini, Dar es Salaam, vizifundishe, pamoja na mazungumzo ya 2005 hadi 2008, na vifanye hivyo kwa Kiswahili.