Mbeleko katika Njia ya Misafara

Wanafunzi wa historia wanapotajiwa Tabora, aghalabu hukumbuka pembe za ndovu, watumwa, na vita vya Mirambo vya mwaka 1871. Hukumbuka pia wapagazi wa Kinyamwezi, waliochukua mizigo ya frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi, kutoka Unyanyembe hadi pwani ya Bagamoyo. Upo mzigo mmoja ambao haukupimwa kwa frasila wala kuandikwa katika daftari la tajiri, nao ni mtoto mgongoni mwa mama yake.

Misafara ya Wanyamwezi haikuwa ya wanaume peke yao. Wake walifuatana na waume zao, vyungu na vyakula vichwani, na wengine walibeleka watoto. Richard Burton aliondoka pwani mwezi Juni 1857, akafika Kaze, ndiyo Tabora, mwezi Novemba. Mtoto aliyeanza safari kama hiyo akiwa na mwezi mmoja angefika ameshakaza shingo, naye anajaribu kukaa.

Mama aliufuata umri huo kwa mbeleko yake, iwe ya ngozi au ya merikani, nguo iliyofumwa Marekani na kuletwa Unguja. Shingo ikiwa bado laini, nguo hupandishwa hadi kisogoni. Ikikaza, hushushwa chini ya makwapa, mikono ibaki huru. Mapaja hutanuka kiunoni mwa mama, na waganga wa mifupa wa siku hizi wanakubali kwamba mkao huo huwafaa watoto wachanga kwa viungo vya nyonga.

Wapo walionyimwa hata hayo. Mmisionari Alfred Swann, aliyepita njia hii katika miaka ya 1880, aliandika jibu alilopewa na mwangalizi wa msafara wa watumwa: mama akishindwa kuchukua pembe na mtoto pamoja, huuawa mtoto.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi katika njia hiyo ikafifia. Mbeleko haikufifia, ingawa leo madukani mijini vipo pia viti vya watoto vinavyonesanesa, na bembea za kurukia zinazoning'inizwa mlangoni. Hatuvikatai, ila tunaona kwamba wanunuzi wengi hutazama rangi kabla ya kumtazama mtoto. Kiti cha kunesa humfaa mchanga aliyefungwa mikanda yake, nacho kikiwa sakafuni, kamwe si mezani. Akianza kujiinua ili akae, muda wake umekwisha. Bembea ya kurukia hungoja shingo ikaze kabisa, nayo ni ya dakika chache tu, chini ya macho ya mtu mzima, kwa kuwa humning'iniza mtoto kwa msamba badala ya kuyategemeza mapaja yake. Kuhusu vigari vya magurudumu vya kufundishia kutembea, Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004 kwa ajili ya watoto walioporomoka navyo ngazini.

Mbeleko haimwachi mtoto peke yake hata kidogo. Akigeuza shingo vibaya, mgongo wa mama huhisi. Labda ndiyo sababu watu wa pwani, ambako njia hii ilikomea, waliliingiza neno lenyewe katika desturi za ndoa: bwana arusi humpa mama wa bibi arusi zawadi iitwayo mbeleko, ujira wa mgongo uliombeba binti.