Ndogo Isiyo Ndogo: Majina ya Saratani ya Mapafu

Majibu ya kinyama yakitoka maabara, mgonjwa hupewa maneno kabla hajapewa dawa. Maneno hayo ndiyo anayorudi nayo nyumbani kuwaeleza mwenzake, ndugu zake na kila atakayekuja kumpa pole. Basi, msomaji mpenda lugha, tuyatie mizanini. Swali langu kwa kila jina ni moja: je, anayeambiwa anaelewa kinachomkabili, na anaweza kulitumia kumuuliza daktari?

Saratani kwa Kiarabu ni kaa, huyu huyu wa pwani. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa kwa jina la kaa, Walatini wakawafuata, na kwa njia hiyo, kupitia Kiingereza, tukapata kansa. Kumbe anayesema saratani na anayesema kansa wanamtaja kaa yule yule. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, imechagua la kwanza. Mitaani la pili halijatoka na halitatoka. Sioni sababu ya kulifukuza.

Kaa hutambaa, na hapo Kiswahili kina hazina ambayo hatujaitumia. Uvimbe unapoingilia nyama za jirani, kwa mfano kutoka pafuni hadi ukuta wa kifua, umetambaa. Seli zake zikichukuliwa na damu hadi kwenye ubongo, ini au mifupa, umesambaa. Konsonanti moja imetenga mambo mawili ambayo tiba zake hutofautiana mno. Leo tunasema "imeenea" kwa yote mawili, na mgonjwa hajui imeenea vipi. "Imehama" ndilo baya kuliko yote, maana aliyehama ameacha alikokuwa, na saratani haiachi.

Sasa jina linalonikera. Aina kuu mbili za saratani ya mapafu tumezoea kuziita "saratani ya seli ndogo" na "saratani isiyo ya seli ndogo". Mgonjwa mwenye hofu haisikii "seli", anasikia "ndogo". Wa kwanza anashusha pumzi, kumbe ndiye mwenye aina inayokua kwa kasi, ambayo mara nyingi hukutwa imekwisha kusambaa. Wa pili anasikia "isiyo ndogo", anadhani yamemfika makubwa, ilhali yumo katika kundi la wagonjwa wapatao 85 kati ya kila 100, na ikigundulika mapema huenda ikaondolewa kwa upasuaji. Udogo huo ni wa seli chini ya hadubini, hauhusu uzito wa ugonjwa. Wataalamu wa zamani waliziona seli hizo zikifanana na punje za nafaka wakaziita hivyo. Turudi huko: saratani ya seli punje. Punje haimdanganyi mtu.

Na lile kundi kubwa? Kumwita mtu kwa kile asichokuwa ni kumnyima jina. Humo ndani wamo watoto wenye asili zao. Aina inayoongoza kwa wingi, inayowapata hata wasiowahi kuvuta sigara, huanzia kwenye seli zinazotoa ute. Wengine huiita ya tezi, lakini tezi kwetu imekwisha kuwa ugonjwa: tunasema fulani ana tezi dume, kana kwamba kuna mwanamume asiyekuwa nayo. Mimi naiita saratani ya seli za ute. Ya pili, inayohusiana sana na tumbaku, hutoka kwenye seli nyembamba zilizolala kama bapa la panga. Wapo wanaopendekeza "seli magamba", tafsiri aminifu ya Kilatini, ila gamba linampeleka msikilizaji kwenye samaki na magonjwa ya ngozi. Seli bapa inatosha.

Kinyama, nilichokitaja juu, kisiguswe. Ni kile kipande kidogo kinachokatwa kwenda kupimwa. Watu walikipa jina wenyewe, na hakuna kamati ingebuni jina bora zaidi.

Tibakemikali nayo imekwisha kukaa, japo kemikali sokoni ni lawama. Ninachotaka kuongeza ni kipimo chake. Dawa hutolewa, mwili ukapumzishwa, mara nyingi wiki tatu, kisha zikatolewa tena. Tunasema "mzunguko", neno linalomrudisha mtu pale alipoanzia. Mkupuo ni bora: unahesabika, unapungua, na mgonjwa anaweza kuuliza, "Nimebakiza mikupuo mingapi?"

Mionzi hupewa mtu. Tuache kusema anachomwa. Mashine inapofanya kazi mgonjwa hasikii moto wowote.

Tiba lengwa ni kosa la sarufi lenye madhara. Kundi lengwa ni kundi linalolengwa. Tiba lengwa basi ni tiba inayopigwa mshale! Kinacholengwa hapa ni mabadiliko ya jeni kama ya EGFR, na kidonge kama osimertinib ndicho kinacholenga, kwa kuzuia ishara inayoiamuru seli igawanyike. Hiyo ni tiba lengaji. Mgonjwa akishika jina hilo, swali linalofuata linakuja lenyewe: inalenga nini, na mimi ninacho?

Kwenye kinga kuna msongamano. Kingatiba ni dawa wanazogawiwa watoto shuleni dhidi ya kichocho na minyoo. Tibakinga wengine huitumia kwa dawa za kuzuia kifua kikuu. Sasa tunataka neno hilo hilo kwa dawa kama pembrolizumab, ambazo haziuzuii ugonjwa usije, bali huziondolea seli za kinga kizuizi kilichozifanya ziiache saratani. Lugha iliyounda kiamshakinywa haishindwi kuunda kiamshakinga.

Nimeacha gumu mwisho: tiba shufaa. Shufaa kwa Mwislamu ni uombezi, hasa ule wa Siku ya Kiyama. Ukimwambia unampeleka kwenye shufaa, umemwambia safari imewadia. Lakini matunzo haya ya kutuliza maumivu, kubanwa pumzi na huzuni hayakuwekewa mauti peke yake. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2010, wenye wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ulionyesha kwamba kati ya walioyapata mapema sambamba na tiba nyingine, nusu waliishi zaidi ya miezi 11.6, kwa wenzao kipimo hicho kilikuwa miezi 8.9. Jina linalomtisha mtu asiyafuate linampunguzia siku. Tuyaite matunzo tulizi.

Ninyi mlio wodini na kliniki, wauguzi hasa, mnasikia maneno ambayo sisi wa kamusi hatuyafikii. Yaandikeni kama wagonjwa wanavyoyasema, muyapeleke Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) kabla hatujawabandikia mengine.