Kipindupindu Kilichorudisha Halmashauri

Ukimuuliza kijana wa leo kuhusu enzi za Mwalimu, atakutajia Azimio la Arusha na vijiji vya ujamaa. Wachache watakuambia kwamba kuna miaka Tanzania Bara ilikaa bila halmashauri hata moja.

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, za miji zikafuata muda mfupi baadaye. Mpango huo, ulioandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, uliitwa Madaraka Mikoani. Jina tamu, ila madaraka yenyewe yalikwenda kwa maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani, si kwa diwani uliyempigia kura. Tuseme na haki yake pia: halmashauri zile zilikuwa hoi. Zilishanyang'anywa kodi zake kuu huku zikidaiwa huduma zile zile.

Vijijini zahanati ziliongezeka, hilo halipingiki. Mijini ndiko mambo yalikoharibika. Kuzoa taka, kuzibua mifereji, kukagua masoko na vyoo: kazi ambazo hakuna mkubwa anayezikatia utepe, zikakosa mwenyewe. Mwaka 1977 kipindupindu kikalipuka. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Za wilaya zilisubiri sheria za 1982, zikarudi kazini 1984. Mwaka huo huo Mwalimu alisema wazi kwamba kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa.

Wengi huishia hapo, kana kwamba ugonjwa ulishapona. Mimi naona halmashauri zilirudi lakini pochi haikurudi. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ikafutwa. Siililii kodi ile. Wanaowakumbuka mgambo wake wanajua kwa nini. Ila baada yake diwani alibaki na zahanati mkononi na macho yake Hazina. Kwenye mabaraza ya madiwani ninayoripoti, swali la dawa au la mhudumu hujibiwa hivyo hivyo: tunasubiri fedha. Mwananchi akikasirika, anamkasirikia diwani, mtu ambaye hana cha kumpa.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya zahanati, na kamati ya kituo, yenye wanakijiji ndani yake, inashiriki kupanga matumizi. Ni hatua kubwa, maana angalau fedha inaonekana na inaulizika. Lakini mfuko huo umejengwa kwa fedha za wafadhili, na mfadhili si mlipakodi wa kata yako. Siku akifunga mkoba wake, hutamwona kwenye mkutano wa kijiji umuulize.

Mwaka 1972 tulifuta mwenye huduma. Tukaja kumrudisha mikono mitupu. Kipindupindu hakijali nani ana cheo. Kinaangalia kama mfereji umezibuliwa.