Bunduki ya rangi: kwa nini kidonge kinapasukia ndani

Kwa mkaaji wa Kivu ao Ituri, neno bunduki halina mchezo. Lakini wenye ndugu Marekani huenda wamekwisha kuona picha za peintiboli: timu mbili zinapigana kwa bunduki za hewa zinazotupa vidonge vya rangi. Anayepasukiwa na kidonge mwilini anatoka. Chombo chenyewe kilitengenezwa kwanza kwa kutia alama kwenye miti na ng'ombe. Mwaka 1981, huko New Hampshire, watu 12 walikichukua wakaingia nacho msituni, na mchezo ukaanzia pale.

Kidonge kina upana wa milimita 17 hivi. Ngozi yake ni jelatini, sawa na ya kapsuli za dawa. Inapashwa kuvumilia msukumo ndani ya bunduki, halafu ipasuke ikimgusa mtu. Ni hapo shida inazaliwa.

Anayesukuma kidonge ni boluti. Si ile ya kufunga kwa ufunguo, ni kipande kinachoenda mbele na nyuma ndani ya bunduki. Ikirudi nyuma, kidonge kinashuka. Ikienda mbele, inakiingiza mtutuni. Mchezaji akifyatua haraka kuliko vile vidonge vinashuka, boluti inakuta kimoja kimefika nusu tu, inakikata kama kisu. Rangi inajaa mtutuni, na vidonge vinavyofuata vinaenda kombo.

Bunduki ya Kimarekani iitwayo Automag ilijulikana kwa ugonjwa huo. Watengenezaji wake walitoa boluti ya kubadilisha, Level 10. Hii inaanza mwendo kwa nguvu ndogo. Ikigonga kidonge cha nusu, inasimama, hewa inatoka, nayo inarudi nyuma. Inakuja na resori mbalimbali na vishikio vya mpira vya vipimo tofauti. Kishikio kikibana sana, boluti inakwama. Kikilegea, hewa inavuja. Mwenyewe anajaribu kimoja kimoja mpaka apate, na kazi hiyo inaomba uvumilivu kuliko franga.

Bunduki za umeme zina jicho la mwanga linalozuia mlio kama kidonge hakijafika. Jicho likichafuka na rangi, linadanganyika.

Mbele ya kununua boluti mpya, afazali kuangalia vitu vya bei ndogo. Kuna kizuizi kidogo kinachoshika kidonge kisiteleze mbele: kikichakaa, viwili vinaingia pamoja na vinapasuka. Mpira uliokatika unabadilishwa. Mafuta ni matone machache ya aina aliyoonyesha mtengenezaji, si ya motokari. Tena si kila mara kosa ni la boluti: baridi inafanya ngozi ya kidonge ivunjike upesi, unyevu unaivimbisha, na kidonge kinachozidi upana wa mtutu hakina njia.

Kabla ya kufungua bunduki, vidonge vinatolewa na hewa inamalizwa yote. Kwenye viwanja vingi kidonge hakiruhusiwi kupita mwendo wa metari 90 hivi kwa sekunde, lakini hata huo unapofusha jicho. Rangi ikijaa mtutuni, mchezaji anashawishika kuvua kinyago apanguse, achungulie. Anapashwa kwanza kutoka uwanjani, kinyago kikiwa usoni.