Kumumunyua, Wala Si Kuchuja

Katika kitabu kimoja cha kemia kilichoandikiwa skuli zetu nimeikuta kazi ya kuzitenga dutu zilizochanganyika, kwa kutegemea kuwa moja huyeyuka majini kuliko mwenziwe, imeitwa "uchujaji". Na katika orodha ya kamati fulani imeitwa "utenganishaji wa mchanganyiko kwa kuzingatia tofauti za umumunyifu", ambayo si istilahi bali ni sherehe ya istilahi isiyokuwepo.

Kuchuja ni kukizuia kile ambacho hakikuyeyuka: tui hupita katika kifumbu, machicha yakasalia. Lakini shura na chumvi ya kula zote mbili huyeyuka zikapotea machoni, wala hapana kifumbu cha kuzipambanua. Gramu 100 za maji yachemkayo hupokea shura kadiri ya gramu 246, na yakipoa hadi nyuzi 0 huweza kubaki na 13 tu, hali chumvi hushuka kutoka 39 hadi 36 basi. Kwa hiyo maji yapoapo shura hujitokeza fuwele nyembamba, na chumvi husalia majini. Hassan al-Rammah wa Sham aliieleza kazi hii ya kuisafisha shura katika karne ya 13, na neno "barud", ambalo kwake lilikuwa jina la shura yenyewe, ndilo lililotufikia sisi likawa "baruti".

Ama "mumunya", hilo ni neno letu la asili, nalo ni kukiacha kitu, mfano kipande cha halua, kiishie kinywani pasipo kutafunwa. Wataalamu walilitwaa kwa haki wakapata "mmumunyo" na "umumunyifu", kisha wakasita mlangoni, ilhali lugha imejaa vitenzi vya kutengua: funga na fungua, ziba na zibua, fuma na fumua, tega na tegua. Kwa kanuni iyo hiyo, mumunya huzaa mumunyua, yaani kukitoa tena kilichokwisha kumumunyika. Mwandishi mmoja, niliyemdhania kuwa mtu wa insafu, amedai kuwa utenguzi hauna budi kuwa wa jambo zima, na hapa dutu moja hutoka na nyingine hubaki. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani afumuaye mshono wa bega hakuifumua kanzu nzima, na bado twasema amefumua.

Matumizi yake ni mepesi: mkemia humumunyua shura, shura humumunyuka, na kazi yenyewe ni umumunyuaji, ndivyo Marie Curie, kufikia mwaka 1902, alivyoimumunyua kloraidi ya radiamu katika ile ya bariamu, akirudia mara nyingi mno.

Kamati niliyoipelekea neno hili ilinijibu kwa sentensi moja, kwamba halijazoeleka. Imeniudhi, kwa kuwa maneno yao manane hayajazoeleka pia, wala hayatazoeleka, maana hayanyambuliki. Enyi walimu wa kemia, liandikeni ubaoni "kumumunyua", mkawaache wanafunzi wenu walinyambue wenyewe.