Waridi la Garsen Linakula Nini

Ukipanda waridi Garsen, adui wa kwanza si mdudu, ni udongo. Kule mbali kidogo na mto kuna udongo mweusi wa mfinyanzi: mvua ikinyesha unanata kwenye viatu, jua likiwaka unapasuka. Waridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Magadi yakizidi, majani yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Halafu mtu anakuja na ushauri wa jivu! Jivu linaongeza magadi. Mimi hutumia samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi mpaka imekauka na haina harufu, kwa sababu mbichi inaunguza mizizi, nikaichanganya na tope la ukingoni mwa Tana.

Sasa, samadi ni ya nani, na tope ni la nani? Hapo bustani inageuka historia.

Ng'ombe ni wa Waorma, ambao kiangazi kikikaza huwashusha deltani kufuata nyasi na maji. Ukingo ni wa mashamba ya Wapokomo: ndizi, maembe, mpunga. Katikati kuna malka, njia za mifugo kufika mtoni. Malka ikizibwa na shamba, au ng'ombe wakiingia shambani kabla ya mavuno, ni balaa. Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, zaidi ya watu 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Ugomvi wa maji na malisho ulikuwa mle ndani, ingawa siasa pia zilitajwa. Kila nikibeba gunia la samadi nakumbuka hilo.

Tope nalo limetoka mbali. Tana inaanzia Aberdare na Mlima Kenya, inasafiri karibu kilomita 1,000. Zamani ilifurika mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, ikaacha tope jipya shambani. Mkulima hakununua mbolea, aliisubiri.

Kisha yakaja mabwawa ya stima: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga ndilo kubwa, na tope la milimani linatua humo. Wewe wa Nairobi usidhani haya ni mambo ya mbali. Maji ya Ndakaini unayooga yangeshuka Tana, na taa unayosomea huenda inawashwa na mto huu. Hata mawaridi ya Thika yanayopanda ndege kwenda Ulaya yanakunywa kutoka bonde lilelile. Waridi la juu linalishwa kwa mirija, la Garsen linangoja.

Yaliyopungua ni mafuriko madogo, yale ya kulisha. Makubwa bado yanakuja: El Niño ya 1997 ilibomoa kingo za mradi wa mpunga wa deltani, na 2018 na 2023 watu walihama tena. Mwenye bustani anaelewa tofauti. Waridi likipewa samadi kidogo kidogo linachanua. Ukilimwagia toroli nzima siku moja, unaliua.

Wadudu? Vidukari na utitiri mwekundu, hasa kiangazi. Majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulowekwa usiku kucha, nyunyiza jioni, chini ya majani. Na serikali bado inapanga bwawa jingine juu ya mto, High Grand Falls.